Gari la Baba Halichuchumai

Mimi naoka keki. Nasema mapema ili mtu asije akadhani niliwahi kutamani kujua habari za springi na za tela linaloinamisha pua. Ng'o! Mimi shida yangu ilikuwa moja tu, keki yangu ifike kwa mwenyewe ikiwa imesimama kama ilivyotoka nyumbani. Lakini ukishaolewa kwenye ukoo wa mafundi wa kujitangaza, utayajua hata usiyoyataka.

Mume wangu anauza mapazia. Mtaa mzima unamwita Injinia, kwa sababu siku moja aliipiga teke pampu ya maji ya jirani ikawaka, na tangu hapo hajawahi kulikataa hilo jina. Tela alilinunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni nyumba kamili juu ya magurudumu. Lina sinki, lina friji, lina makabati, na lina madirisha mengi kuliko nyumba tunayoishi. Nilimuuliza, "Baba watoto, hasa umelipendea nini?" Akanijibu bila kupepesa macho, "Madirisha." Sasa muuza mapazia utamwambia nini?

Tela hili si kama yale ya kubebea mchanga, yanayofungwa nyuma ya bampa. Hili lina shingo. Shingo inapanda juu ya bodi ya pikapu na kukaa kwenye sahani ya chuma iliyofungwa katikati, kama yale malori marefu. Kwa hiyo uzito wote wa mbele unakaa mgongoni mwa pikapu. Pikapu ikizidiwa, inachuchumaa. Ikichuchumaa, tela nalo linainamisha pua na kuinua mkia, na kila kilichomo ndani kinaanza safari ya kwenda mbele, keki yangu ikiongoza msafara.

Na pikapu yetu ilikuwa inachuchumaa. Mwenye macho aliona, na asiye na macho aliambiwa na watoto wa mtaa, waliokuwa wanaikimbilia wakiigiza kuku anayetaga. Shida ni kwamba hiyo pikapu alitupatia baba mkwe wangu siku ya harusi yetu. Maisha yake yote aliendesha malori ya watu, na pikapu ile ndiyo gari pekee alilowahi kuliita lake. Alitukabidhi funguo mbele ya wageni, na mimi nililia mpaka wanja ukanishuka mashavuni.

Katika ukoo huu zawadi ya mzee haikaguliwi. Hakuna aliyeniandikia sheria hiyo. Niliikuta, kama nilivyolikuta kabati lisilofunga. Pikapu ikichuchumaa, tunasema imetulia. Ikigusa matuta kwa tumbo, tunasema siku hizi matuta yanajengwa vibaya. Shemeji yangu, mdogo wake Injinia, fundi wa kuchomelea tunayemwita Cheche, alikuja na yake kali zaidi. Aliizunguka pikapu, akakuna kidevu, kisha akanigeukia mimi.

"Shem," akasema, "nadhani unaweka siagi nyingi."

Siagi yangu! Nilimwangalia mpaka akakumbuka ana kazi gereji.

Mwezi uliopita keki yangu ya harusi ilifika kwenye ukumbi mkubwa wa mjini imelala upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Haikuanguka, lakini ghorofa zote zilikuwa zimesogea mbele, kila moja kidogo kuliko iliyo juu yake. Mpiga picha aliwaambia maharusi wainamishe vichwa upande huo huo ili picha ionekane imenyooka. Mpaka leo wale watu wana picha ya harusi ambayo ukiitazama shingo inakuuma. Nilijificha chooni, nikakaa huko mpaka hotuba zikaisha.

Meneja wa ukumbi alinisubiri mlangoni. Ni mtu mwembamba, mpole, ambaye hata akikufukuza utamshukuru.

"Mama Keki," akaniambia, "keki yako ni tamu. Nimekula, nimerudia. Mwokaji wetu ameondoka, jiko liko wazi, na mimi ningependa uwe wewe. Ila mabosi hawawezi kumpa jiko mtu ambaye keki zake zinasujudu. Kuna harusi nyingine mwezi ujao. Ilete ghorofa tano, ifike imesimama, na jiko ni lako."

Nikamwomba nije kuipanga pale pale ukumbini, ghorofa juu ya ghorofa. Akakataa kwa upole ule ule, maana mwokaji aliyeondoka alikuwa akipangia pale, na sukari yake ilishagandia kwenye zulia la mabosi.

Sasa nieleweni. Mimi naoka sebuleni. Oveni yangu imepakana na kitanda cha mwanangu wa mwisho, na mtoto huyo anakwenda shule ananukia vanila mpaka nyuki wanamfuata. Unga uko chini ya kochi, na mgeni akija nahamisha bakuli ili apate pa kukaa. Jiko la ukumbi lile lina oveni mbili, lina feni ya kutoa moshi, na lina mlango ambao ukiufunga hakuna mtu anayekuja kukuuliza soksi ziko wapi. Nililitaka jiko lile mpaka nikaliota.

Ningeweza kukodi gari la mtu. Nililisema hilo mezani, tunakula, baba mkwe yupo. Kijiko chake kikasimama njiani. Alinitazama, kisha akaitazama pikapu kupitia dirishani, na Injinia akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikasema natania. Tukacheka wote, kicheko kikavu.

Basi kikaitishwa kikao uani. Wanaume watatu, Injinia, Cheche na Baba mwenyewe, walisimama mbele ya tela wakajadili kwa nini limeinama, na katika mjadala huo wote pikapu haikutajwa hata mara moja. Walilaumu barabara, wakalaumu upepo, wakalaumu magurudumu ya tela kuwa yana kiburi. Mwishowe wakakubaliana kwamba tela ni jepesi nyuma, wakajaza mifuko ya mchanga kwenye choo chake kilicho mkiani. Tulipolitoa barabarani likawa linatikisa mkia huku na huko, pikipiki zinakimbilia mtaroni. Tukarudi nyumbani mwendo wa kinyonga. Baba alishuka, akapiga bodi ya pikapu kofi la upendo, akasema, "Gari limejitahidi." Sote tukaitikia kuwa limejitahidi, na mimi nikiwemo, Mungu anisamehe.

Siku chache kabla ya harusi, Injinia akalivuta tela kwa pikapu hadi nje ya geti, penye tambarare, akaniita ndani, akafunga mlango na mapazia.

"Mke wangu," akanong'ona, "usimwambie Baba. Wala Cheche, yule hana siri."

Akafunua shuka. Chini yake kulikuwa na meza, na meza yenyewe ilikuwa na miguu miwili mirefu na miwili mifupi. Mirefu aliielekeza mbele, kule pua inakoinamia, na mifupi nyuma. Miguu yote alikuwa ameikaza sakafuni kwa nati. Ukingo wa mbele aliupigilia ubao, keki isije ikateleza. Akaweka juu ya meza pimamaji, kile kifaa cha mafundi chenye kipovu kinachokaa katikati pakiwa sawa. Kile kipovu kikatulia katikati kabisa.

"Tela acha liiname," akasema. "Meza haitainama."

Nataka niseme ukweli wangu. Mtu niliyekuwa namcheka miaka yote, siku ile nilimkumbatia. Nilimwita Injinia na nilikuwa namaanisha. Tukafunika meza, tukatoka mmoja mmoja, na Baba tuliyemkuta uani tukamwambia tulikuwa tunapima mapazia.

Jumamosi ya harusi nilitoa keki. Jamani, nilikuwa nimeoka! Ghorofa tano, sukari nyeupe laini, maua ya waridi niliyoyakunja kwa mkono petali moja moja. Pikapu ilikuwa imeshafungwa kwenye tela. Asubuhi ile Baba alikuwa ameichukua mapema, akisema anakwenda kujaza upepo, na akachelewa kidogo kurudi, mikono ina grisi. Jana yake Cheche naye aliichukua kwenda kuiosha, akairudisha na vumbi lake lote. Niliyaona yote mawili, lakini akili yangu ilikuwa kwenye waridi.

Jambo moja lilinishangaza. Wote watatu walikuwa wanatabasamu. Injinia alilitazama tela akatabasamu, Cheche akatazama akatabasamu, Baba akasimama pembeni, mikono mgongoni, anatabasamu peke yake. Nikajiambia ni furaha ya harusi. Uani kwetu ardhi yenyewe imeinamia geti, huwezi kujua kipi kimelala na kipi kimesimama. Niliiweka keki juu ya meza, nikaiona imetulia, nikafunga mlango. Nikakaa kiti cha nyuma cha pikapu pamoja na Baba. Injinia akashika usukani, Cheche pembeni yake, tukaondoka.

Tukafika kwenye barabara kuu, tambarare. Nikageuka kutazama tela kupitia kioo cha nyuma, kama ninavyofanya siku zote. Siku zote ninachokiona ni paa lake. Siku ile sikuona paa. Niliona kidevu chake, kwa chini, na nyaya zinazopita tumboni.

"Simamisha gari!" nikapiga kelele.

"Kuna nini?" Injinia akauliza.

"Simamisha, nimesema!"

Nilifika mlango wa tela kabla gari halijatulia vizuri. Ndani, keki ilikuwa imetoka mahali pake. Ilikuwa imeteleza, tena si kwenda mbele kama tulivyozoea, imekwenda nyuma, ambako Injinia hakupigilia ubao wowote. Nusu ya sinia lake ilikuwa nje ya meza, inaning'inia, imezuiwa na mpini wa friji tu. Waridi za upande mmoja zilikuwa zimebaki kwenye mlango wa friji.

"Ishikeni!" Sauti iliyonitoka sikuijua.

Wanaume watatu wakaingia kwa kusukumana, wakalishika sinia, mmoja huku, mmoja kule, Baba katikati. Wakainyanyua keki, wakabaki wameishikilia kifuani. Nikachukua pimamaji, nikaiweka sakafuni. Kipovu kikakimbilia mbele, kikaganda huko. Tela lililoinamisha pua miaka yote, leo lilikuwa limeinua pua juu kama tajiri anayepita sokoni.

"Nani kagusa nini?" nikauliza.

Injinia akaanza, "Unajua, barabara hii..."

"Baba watoto, nakuheshimu, lakini ukitaja barabara nitakupasua na hii pimamaji. Shikeni hivyo hivyo. Hakuna atakayeitua hiyo keki mpaka niambiwe ukweli."

Na keki ya ghorofa tano ni nzito jamani, siagi yote ile. Cheche akaanza kutokwa jasho. Akavumilia, akavumilia, kisha akatema.

"Shem, mimi niliinyanyua ile sahani ya kwenye bodi. Jana. Nilichomelea vyuma chini yake. Kidogo tu, pua isawazike."

"Kwa nini hukusema?"

Akamtazama baba yake kwa pembe ya jicho. "Ningesemaje? Ningeambiwa gari la Baba lina nini? Nikasema basi niinyanyue kimya kimya, labda... labda ni barabara."

Hapo ndipo hasira ilinipanda kutoka kwenye visigino. Niliiona ile miaka yote, matuta, upepo, siagi, wale maharusi na shingo zao. Niliona na mlango wa jiko langu unafungwa, mimi nikiwa nje.

"Si barabara!" nikasema. "Wala si siagi! Baba, nisamehe, mimi ni mwanao na nitapiga magoti baadaye. Lakini gari lako linachuchumaa. Linachuchumaa tangu siku uliyotupatia, na sote tunaliona, na wote tumekuwa waongo kwa ajili yake!"

Injinia alifumba macho. Cheche alitazama waridi. Nje lori lilipita, tela likatikisika, na wale watatu wakajikaza kwa pamoja.

Baba aliongea polepole. "Halichuchumai," akasema.

Moyo wangu ukaanguka.

"Lilikuwa linachuchumaa," akaendelea. "Leo alfajiri nimelipeleka kwa fundi, nimeliongezea springi kila upande. Sasa halichuchumai."

Mzee alikuwa ameishika keki kwa mikono miwili, hana pa kwenda, hana hata mkono wa kujifutia uso.

"Springi zake zilikatika kabla sijawapa," akasema. "Nilijua. Sikuwa na kitu kingine cha kuwapa, na niliona haya kusimama mikono mitupu mbele ya wageni. Nikajiambia nitawaambia kesho. Kesho yake mkaja kunishukuru. Wewe mama ulikuwa unalia. Nikashindwa. Basi kila nilipokuja hapa niliwaza, leo watasema. Leo huyu mkwe wangu ana mdomo, atasema. Hamsemi! Mnaniambia limetulia. Mnajaza mchanga chooni, na mimi nabeba mifuko pamoja nanyi kama mwendawazimu. Mtu unachoka. Nimengoja mtu aniambie mpaka nikazeeka."

Mficha maradhi, kifo humuumbua, wanasema wahenga. Wetu aliumbuliwa na keki. Nilimtazama yule mzee na grisi yake kwenye kucha, nikataka kumkumbatia. Ila mikononi alikuwa na ghorofa tano, na saa ilikuwa inakimbia.

Nikainama kuiangalia meza. Mambo yalikuwa wazi. Kila mmoja alikuwa amelitibu tela kwa siri, na kila dawa peke yake ingetosha. Cheche aliinua pua ikasawazika. Baba naye akaiinua kiasi kile kile, ikapita. Na meza ya Injinia ilikuwa bado inapigana na adui aliyekwisha kuhama, miguu mirefu mbele, wakati palipodidimia sasa ni nyuma.

"Meza igeuzwe," nikasema. "Mbele iende nyuma."

"Haiwezekani," Injinia akasema. "Ile nimeipima."

"Spana iko wapi?"

"Mke wangu, vipimo vya meza ile..."

"Spana!"

Akanionyesha kwa kidevu. Nikapiga magoti na gauni langu la harusi ya watu, nikafungua nati moja baada ya nyingine, nikaizungusha meza. Matundu yakaingiliana na miguu, maana mume wangu anapopima, anapima kweli. Hilo namsifu. Nikakaza nati, nikaweka pimamaji. Kipovu kikasitasita, kikaja katikati, kikakaa. Na ule ubao wa ukingo ukawa nyuma, hasa pale unapotakiwa.

"Itueni," nikasema. "Taratibu."

Wakaitua. Mikono yao ilibaki imekunjwa hivyo hivyo kwa muda. Nikatoa mfuko wangu wa sukari ya kupambia, nikaziba upande uliolambwa na friji, nikakunja waridi nyingine hapo hapo. Injinia akawa ananipa vitambaa. Nilipomaliza akaniambia, "Umekaza vizuri zile nati," na kwa mume wangu hayo ni mashairi.

Tulifika. Meneja alifungua mlango wa tela mwenyewe, akachungulia, akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa upande kwa mazoea. Kisha akakinyoosha.

"Imesimama," akasema.

"Imesimama," nikamjibu, na machozi yakanitoka bila kuomba ruhusa.

Keki ilipokwisha kuwekwa mbele ya maharusi, Meneja akanichukua kunionyesha jiko. Nilimwomba Baba aje nami. Bado alikuwa ameishika ile pimamaji aliyoitoa kwenye tela, hakuna aliyekumbuka kumpokea. Injinia na Cheche walibaki nje wakibishana vitolewe vyuma vya sahani au zitolewe springi, na safari hii walilitaja gari kwa jina lake.

Jiko lilikuwa zuri kuliko nilivyoliota. Oveni mbili zinang'aa. Feni. Mlango unaofungwa. Kwenye kaunta kulikuwa na trei ya mayai, nikachukua moja, nikalitazama kwenye mwanga kama ninavyofanya siku zote, nikaliweka kando. Meneja alikuwa ananieleza habari za friji, uso wake uko kwenye friji. Yai likaanza kubingirika. Likabingirika kaunta nzima, likafika ukingoni, na Meneja, bila kugeuka, bila kukatisha sentensi, akanyoosha mkono akalidaka.

Nikamtazama. Nikaitazama kaunta. Ukingo wake wote wa upande ule ulikuwa umewekewa vitambaa vilivyoviringishwa, na masufuria jikoni yalikuwa yametiwa vigae chini ya upande mmoja. Mpishi aliyekuwa anaosha vyombo aliinama zaidi kwenye sinki lake.

Baba hakuuliza mtu. Alikwenda akaweka pimamaji juu ya kaunta, akavaa miwani, akaisoma.

"Jiko hili limelala," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeendesha malori.

Meneja aligeuka, uso umempauka, yai mkononi. "Mzee wangu, tafadhali, punguza sauti. Jiko hili alilijenga mwenye ukumbi kwa mikono yake mwenyewe. Sisi huwa tunasema sakafu ina mtindo. Na mwenyewe yuko hapo nje, anasikia."

Baba akavua miwani. Akalichukua lile yai mkononi mwa Meneja, kwa upole, akalirudisha kwenye trei.

"Basi mwite aje," akasema. "Huyo mtu anangoja kuambiwa."